Jinsi ya kupima wimbo wa huzuni unamfanya nini msikilizaji

Jamani kabla hujatafuta mashine yoyote anza na swali lako, maana hapo ndo wengi tunapopotelea. Kiswahili chetu kina mtego, "kusikia" ni kwa sikio na ni kwa mwili pia, tunasema nasikia njaa, nasikia baridi, sasa ukimuuliza mtu "umesikia huzuni?" atakujibu ndio na hutajua kama anamaanisha wimbo wenyewe una huzuni ama yeye ndo ameingiwa na huzuni. Karatasi zangu za kwanza za majibu hapa Arua, Uganda, nilizitupa zote kwa ajili ya hilo neno moja.

Kwa hiyo uliza mara mbili: "Huu wimbo ni wa huzuni kiasi gani?" alafu "Wewe mwenyewe moyoni umepata huzuni kiasi gani?", kila moja 0 mpaka 10. Ongeza la tatu, "Umeguswa kiasi gani?", na hili usiliache kabisa. Kuna mama nilimwekea wimbo wa polepole wa adungu, kile kinubi cha huku kwetu, machozi yakamtoka mpaka akajifuta na ncha ya kitenge, kwenye huzuni akasema 2, kwenye kuguswa 10. Akaniambia mwanangu silii kwa uchungu, nimemkumbuka baba na nimefurahi. Ningepima machozi peke yake ningemuandika vibaya kabisa. Hata ile orodha ya Geneva ya hisia za muziki iliyotoka 2008 ina makundi tisa na huzuni ni moja tu, kuna upole, kuna utulivu, kuna kukumbuka ya zamani.

Sasa mwili. Mwanasaikolojia Carol Krumhansl mwaka 1997 aliwapima wanafunzi 38, muziki wa huzuni ndo ulibadilisha zaidi mapigo ya moyo, presha, jasho na joto la ngozi, wa furaha ukabadilisha zaidi kupumua. Wewe kama huna vifaa anza na mapigo, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 30 zidisha mara mbili, ama mkanda wa kifuani kama unao. Lakini mtu akae kwanza dakika tano kimya, asiwe ametoka kunywa chai ya moto wala kupanda ngazi, na hayo mapigo ya kimya uyaandike, bila hayo namba zako zote hazina cha kulinganishwa nacho. Ukiwa na kile kifaa cha jasho la vidole, weka kwenye mkono asioutumia kuandika na auache tulivu, na ujue ngozi inachelewa sekunde moja mpaka tatu, kwa hiyo usitafute badiliko palepale noti inapopigwa. Kusisimka mwili ni rahisi, mwambie ainue kidole kila nywele zikimsimama, wewe andika dakika na sekunde.

Weka nyimbo tatu nne za dakika mbili tatu, ikiwemo moja ya kawaida isiyo na huzuni, na kila mtu apate mpangilio wake. Mvua ikianza kupiga mabati simamisha, boda ikipiga honi dirishani iandike. Muulize pia kama anaujua wimbo na aliusikia wapi, maana kama ulipigwa kwenye mazishi ya ndugu yake hapo unapima msiba, sio muziki.

Na kama ni utafiti rasmi, pitia kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kwanza, sio baadaye. Mwambie msikilizaji mapema kwamba anaweza kusema basi saa yoyote, mtu aliyefiwa juzi usimwekee kabisa. Ukimaliza usimuachie aondoke na macho bado mekundu, mimi huwa natoa vifaa vyote mwilini, napiga wimbo anaouchagua yeye, tunakunywa chai, na kesho yake nampigia simu kumuuliza amelalaje.