Msitu wa Umma Ukianza Kumegwa: Mwongozo kwa Kundi la Kujitolea

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa wakazi wanaotetea msitu wa umma uliotangazwa rasmi: Karura na hekta zake 1,041, Oloolua, Kakamega, au kile kimsitu cha nyuma ya soko ambacho wageni hawakijui hata kwa jina. Kampeni nyingi hazianguki kwa kukosa watu. Huanguka kwa mpaka uliosomwa vibaya na kwa siku iliyopita kabla barua haijafika.

Kundi

Watu kumi wa eneo moja wanatosha kusajili kundi la jamii chini ya sheria ya 2022. Andaeni katiba, kumbukumbu za mkutano ulioazimia kusajili, na orodha ya wanachama na viongozi, kisha mwoneni afisa wa maendeleo ya jamii. Msijichanganye na CFA, yaani chama cha jamii ya msitu. Chama hicho hutia sahihi makubaliano na KFS, Shirika la Huduma za Misitu Kenya, kuhusu kuni, malisho na mizinga ya nyuki, na si rahisi kumshtaki mtu unayekula naye sahani moja. CFA awe rafiki. Barua kali zitoke kwenu.

Pamoja na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, teueni mtu mmoja wa kusoma matangazo. Kazi yake haina sifa wala picha, lakini ndiyo inayookoa misitu. Kila Ijumaa asome Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hupatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kila Jumanne asome MyGov, gazeti la matangazo ya serikali. Atafute jina la msitu, la mto, na nambari za viwanja vinavyopakana nao, kwa sababu tangazo la hila halitaji msitu kamwe. Hutaja nambari ya kiwanja.

Mpaka

Kabla ya kutamka neno "unyakuzi", pateni tangazo lililoufanya msitu kuwa msitu pamoja na nambari ya ramani ya mpaka iliyotajwa humo. Ramani yenyewe iombeni KFS kwa barua.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ramani za zamani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa datumu (msingi wa kuhesabia mahali) ya Arc 1960, ilhali simu yako inatumia nyingine, WGS84. Ukizichukua namba za simu na kuzipachika kwenye gridi ya ramani hiyo jinsi zilivyo, alama itahama takriban mita 300 upande wa kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kuuhamisha ukuta kutoka ndani ya msitu hadi shambani kwa mtu. Wakili wa upande wa pili akiliona kosa hilo moja, hatajibu hoja zenu nyingine. Atalizungumzia hilo tu. Programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure, hugeuza namba hizo. Kila mfumo wa ramani una msimbo wake humo: kwa Nairobi chagueni EPSG:21037 kwa ramani ya zamani na EPSG:4326 kwa simu. Magharibi ya longitudo 36 ukanda wa gridi hubadilika, kwa hiyo watu wa Kakamega wasiige namba za Nairobi. Hakikisheni kwa kupima kitu kisichohama, kama daraja au makutano ya barabara yanayoonekana kwenye ramani zote mbili.

Ushahidi wa porini

Chini ya miti minene simu hutangatanga. Tafuta uwazi, simama dakika mbili, na usiandike kitu mpaka kiwango cha kosa kishuke chini ya mita 10. Piga picha tatu za kila tukio: ya mbali yenye kilima au jengo linalotambulika, ya kati, na ya karibu yenye futi kamba ndani yake. Kisiki kipimwe upana mara mbili, mara ya pili ikikata ya kwanza kama msalaba, kisha urefu wake kutoka ardhini. Andika pia kama utomvu bado unatoka na kama vumbi la msumeno ni bichi au limegeuka kijivu. Mvua ikinyesha usiku mmoja, hilo halitasomeka tena. Daftari liwe la kurasa zilizoshonwa, lenye tarehe, saa na majina ya waliokuwepo.

Msitumiane picha za ushahidi kwenye WhatsApp kama picha za kawaida. Hubanwa, na kumbukumbu ya saa na mahali hufutika. Zitumeni kama faili, na ile ya asili ibaki kwenye simu iliyoipiga, kwani mahakamani mwenye simu atatakiwa kutoa cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Msiende chini ya watu watatu, wala msiende msumeno ukiwa unanguruma. Msiguse bikoni, yaani alama ya mpaka, hata kama mna hakika ni ya uongo. Ipigeni picha tu. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Karura wakiwa wamekwenda kupanda miche, kwa hiyo hata jembe na ndoo ya maji si kinga.

Barua na siku zake

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali ombi la Kiswahili. Kuomba hakulipiwi, mnalipia gharama ya nakala tu. Mkiandika "habari zote kuhusu msitu wetu" mtazungushwa. Andikeni "nakala ya ramani ya mpaka nambari fulani, na leseni zote za matumizi maalum zilizotolewa ndani ya msitu huu tangu Januari 2023". Siku hizi leseni hizo ndizo mlango mwembamba wa mkahawa, mlingoti na barabara. Zamani waziri alihitaji tangazo la siku 28 tu kukata msitu, na mwaka 2001 takriban hekta 67,000 zilipangwa kukatwa hivyo. Sasa kubadilisha mpaka lazima kupitie Bunge.

Pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 za kujibiwa hazina pa kuanzia. Ofisi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Mkinyimwa au wakinyamaza, mna siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Tangazo la NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni. Maoni ya "tunapinga kabisa" hayana uzito. Tajeni ukurasa, nukuuni sentensi, kisha wekeni kipimo chenu kando yake: ripoti inasema hakuna chemchemi, sisi tumeipata mahali hapa, picha hii hapa. Leseni ikishatolewa, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina siku 60. Katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Ibara ya 70 ya Katiba haiwatakii mthibitishe kwamba nyinyi wenyewe mmepata hasara.

Ardhilhali

Ardhilhali, yaani ombi rasmi la wananchi, kwa Bunge huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila neno lililofutwa au kuchomekwa juu ya mstari. Semeni mmeshafika ofisi gani na walijibu nini, kisha kama kuna kesi mahakamani au hakuna. Malizieni kwa ombi mahususi.

Sahihi ndizo huharibu kazi. Mada lazima iandikwe juu ya kila karatasi, kwa hiyo shuka ya mistari mitupu iliyopitishwa kanisani ni takataka. Kila mtu aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake, anwani, na sahihi au dole gumba moja kwa moja kwenye karatasi hiyo. Kukata na kubandika hakukubaliki. Mistari 15 kwa A4 inatosha, maana dole gumba la mzee linahitaji nafasi. Karatasi hizo msizipige picha za kujisifia mtandaoni: nambari za vitambulisho ni siri ya wenyewe.

Mkitaka kuisindikiza kwa maandamano, mpelekeeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na jina la mwandalizi, njia na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nakala yake nayo igongwe muhuri.