Vipuri vya S7-300 vya mtumba: kuvinunua na kuvipima kabla havijaingia kwenye paneli

Siemens ilianza kuiondoa sokoni S7-300, kompyuta yake ya kuendeshea mitambo (PLC) inayojengwa kwa moduli, tarehe 1 Oktoba 2023, na vipuri vitaendelea kutolewa hadi 2033. Anza kwa wakala rasmi. Asipokuwa nacho, utaingia soko la mtumba: madalali wa mitambo iliyobomolewa, wauzaji wa mtandaoni, au kiwanda jirani kilichobadilisha mfumo. Huko neno "imejaribiwa" mara nyingi maana yake ni kwamba taa iliwaka.

Namba kwanza

Usiagize "CPU 315" (moduli ya ubongo) wala "moduli ya ingizo 16". Agiza namba nzima iliyoandikwa usoni mwa moduli, kwa sababu herufi moja inabadilisha kifaa. 6ES7315-2AH14 ina milango ya mawasiliano ya MPI (wa kuprogramia) na PROFIBUS; 6ES7315-2EH14 ina PROFINET, inayotumia Ethernet. 6ES7321-1BH02 na 6ES7321-1BH50 zote ni ingizo 16 za volti 24, lakini mkondo wa 1BH50 unakwenda upande wa pili, hivyo vihisi vyako vya PNP (vinavyotoa volti 24 chanya vikihisi) havitasomeka. CPU kongwe ya 315-2AF03 hutumia betri ya kutunzia programu. Warithi wake, 2AG10 na 2AH14, hawana betri na hawaingii RUN (hali ya kuendesha programu) bila kadi ndogo ya kumbukumbu, MMC. Ukibadilisha toleo, rekebisha usanidi wa vifaa ndani ya STEP 7 (programu ya Siemens ya kuprogramia) mapema, si usiku wa mashine kusimama.

Dai picha za lebo, za pini za nyuma, na za ndani ya kifuniko cha mbele. Uliza kama kiunganishi cha nyuma cha basi, yaani njia ya data kati ya moduli (6ES7390-0AA00), na soketi ya mbele vinakuja pamoja na moduli. Kwa kawaida havimo. MMC nunua mpya, tena ya Siemens, maana kadi za kamera hazifanyi kazi humo. Ya mtumba huenda mtu aliichomeka kwenye laptopu akakubali Windows "iifomati", na hapo muundo wake wa ndani umekufa. Siku za kurudisha mali zihesabiwe tangu mzigo kukufikia, vinginevyo zitaishia bandarini. Na boksi lenye muhuri lisikulaze usingizi: kapasita zilizokaa miaka kumi bila umeme huchakaa humohumo ndani ya boksi.

Benchini

Pawa saplai ndiyo huua vingine, kwa hiyo ipime peke yake. PS 307 za zamani, kama 307-1EA00, zina swichi ya kuchagua volti 120 au 230. Kipuri kilichotoka Marekani kinaweza kuwa kwenye 120, na ukikichomeka kwenye umeme wetu kinalipuka. Angalia swichi kabla ya waya. Kisha ipe mzigo kamili: kwa ya ampea 5 ni rezista ya takriban ohm 4.8 inayohimili wati 150 au zaidi, kwa nusu saa. Volti zibaki karibu na 24, na kwenye oskiloskopu mawimbi yanayobaki juu ya volti yasizidi milivolti 150 kutoka kilele hadi kilele. Yakizidi, kapasita za kutolea zimechoka. Bila mzigo, saplai mbovu nayo huonyesha 24 safi, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

CPU ifute kwanza. Shikilia swichi kwenye MRES (nafasi ya kufuta kumbukumbu) mpaka taa ya STOP iwake mara ya pili na kutulia, kama sekunde 3. Iachie, na ndani ya sekunde 3 irudishe MRES, STOP ipepese haraka. Unganisha kwa MPI (anwani ya kawaida ni 2, kasi 187.5 kbit/s), pakia programu fupi, iache RUN saa 24. Kwa saa chache za mwisho iweke kwenye sanduku lenye joto la nyuzi 50. Solda iliyopasuka hujificha kwenye ubaridi wa ofisi na kujitokeza kwenye joto la paneli. Ukimaliza, soma kwa STEP 7 bafa ya uchunguzi (orodha ya matukio na hitilafu) hata kama SF, taa ya hitilafu, haijawaka.

Moduli ya ingizo 1BH02: panda polepole na saplai ya kurekebishwa. Kila chaneli iwe 0 kwa volti 5 na iwe 1 ifikapo volti 13.

Kwa moduli ya kutolea, 322-1BH01, usitumie balbu kubwa. Kikomo chake cha taa ni wati 5, kwani uzi baridi wa balbu huvuta mkondo mkubwa mwanzoni. Tumia rezista ya ohm 56, wati 25, ambayo huvuta ampea 0.43. Lisha kundi la kwanza kwenye pini 1 na 10, la pili kwenye 11 na 20, kisha pima volti za kila tokeo likiwa na mzigo. Tofauti na L+ (volti 24 chanya inayolisha kundi) isizidi volti 0.8. Chaneli inayopoteza volti 2 itawasha taa yake ya kijani vizuri kabisa, lakini valvu haitavuta.

Moduli ya analogi, 331-7KF02, ina vibao vidogo pembeni: C kwa kihisi cha waya nne, D kwa cha waya mbili. Vigeuze umeme ukiwa umezimwa. Ingiza mA 4, 12 na 20. STEP 7 isome karibu 0, 13824 na 27648 (mwanzo, katikati na mwisho wa kipimo). Chaneli moja ikitofautiana na wenzake, shuku rezista ya ndani ya ohm 25, iliyoungua mtu alipogusisha volti 24 moja kwa moja.

Kilichopita kibandike lebo yenye namba, firmwea na tarehe, na saplai za stoo zipe umeme saa chache kila mwaka.

Siku ya kufunga, usichomeke moduli mpya ya kutolea kabla ya kupima koili za valvu. Koili ya volti 24 inayosoma chini ya ohm 48 inavuta zaidi ya ampea 0.5, na huenda ndiyo iliyoua moduli uliyoitoa.