Usukani wa Umeme Unapokuwa Mzito: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu na Kuirekebisha Katika Gari Kuukuu

Magari madogo ya Kijapani kama Toyota Vitz, Honda Fit, Nissan March na Mazda Demio, ambayo yamejaa katika barabara za Kisumu, Kakamega na Nakuru, mengi yake hayana pampu ya mafuta ya kuupunguzia usukani uzito. Kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani, chini ya dashibodi. Kwa kuwa Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini hadi likiwa na umri wa miaka 8, na wenye magari huendelea kuyatumia kwa miaka mingi baada ya hapo, gereji zetu hupokea mifumo ambayo nyaya na vibano vyake vimechoka kabla ya mota yenyewe. Hata hivyo, taa ya onyo ya usukani wa umeme (EPS au P/S) inapowaka na usukani kuwa mzito, ushauri wa kwanza anaoupata mteja ni kununua nguzo nzima ya mtumba. Nawasihi mafundi wenzangu tuiache desturi hiyo. Nguzo hufungwa, taa ikazimika kwa siku chache, kisha hitilafu ikarudi ileile, na pesa za mteja zimekwisha kwenda.

Ili vipimo viwe na maana, ni lazima kwanza uelewe mfumo unavyofanya kazi. Ndani ya nguzo kuna ufito wa chuma unaojipinda kidogo sana dereva anapozungusha usukani, na sensa hupima mpindo huo. Kisanduku cha kompyuta hupokea taarifa ya sensa pamoja na taarifa ya mwendo wa gari, kisha huipa mota umeme: mwingi gari likiwa limesimama, kidogo likiwa katika kasi. Wakati wa kuegesha mota inaweza kuvuta ampea 30 na zaidi. Kisanduku kikipata taarifa kisizoweza kuziamini, au kikikosa umeme wa kutosha, hukata msaada na kuwasha taa ya onyo; lakini usukani hubaki umeungana na magurudumu kwa chuma, hivyo gari bado linaongozeka kwa nguvu za mikono.

Hatua ya 1: Ondoa shaka kuhusu sehemu zisizo za umeme

Pima upepo wa magurudumu ya mbele, kisha inua sehemu ya mbele ya gari na kuiweka juu ya stendi imara. Ukiwa umezima injini na kufungua kufuli ya usukani kwa ufunguo, zungusha usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwama mahali palepale katika kila mzunguko, kagua kiungo cha msalaba kinachounganisha nguzo na reki (chuma cha chini kinachogeuza magurudumu), kwa sababu vumbi la barabara za murram na maji ya kuoshea gari hukiingia na kukishika kutu. Ukisikia springi ikiruka kwa kishindo, beringi iliyo juu ya shokapu imekufa. Kama hakuna taa iliyowaka na usukani ni mzito hata magurudumu yakiwa hewani, kosa liko hapa na hakuna sababu ya kugusa waya wowote.

Kuna hali moja inayofanana na hitilafu ambayo si hitilafu. Dereva aliyezungusha usukani mara nyingi mfululizo akiwa amesimama, kwa mfano akitafuta nafasi ya kuegesha karibu na soko la Jubilee, anaweza kuukuta ukianza kuwa mzito. Kisanduku hupunguza umeme ili mota isiungue, na msaada hurudi ikipoa. Mwulize mteja tatizo hutokea lini kabla hujafungua chombo chochote.

Hatua ya 2: Betri na alteneta

Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, teminali zake zisome kati ya volti 13.8 na 14.5, na zisishuke sana ukiwasha taa kubwa na feni. Kama taa ya EPS huwaka mara tu baada ya injini kuzungushwa kwa shida asubuhi, shughulikia betri kwanza.

Vibano vya betri navyo vinahitaji jicho kali. Betri nyingi ndogo za Kijapani zina teminali nyembamba, na mteja akiuziwa betri yenye teminali za unene tofauti, kibano hulazimishwa kwa kupigiliwa msumari au kipande cha bati. Gari litawaka, redio italia, lakini msumari huo hauwezi kuulisha usukani. Weka kibano cha saizi yake. Unga mweupe au wa kijani uuoshe kwa maji moto yenye magadi, ukaushe, ukaze, kisha upake grisi.

Hatua ya 3: Volti zinazopotea njiani

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami huipa muda mrefu kuliko nyingine zote. Fundi huchomoa plagi ya kisanduku, huweka mita, huona volti 12, na kuhitimisha kwamba umeme unafika. Kipimo hicho hakithibitishi lolote, kwa sababu hakuna mzigo uliopita. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili utaonyesha volti 12 vilevile. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 hupoteza volti 0.05 tu ampea 1 inapopita, kiasi ambacho hutakitilia maanani. Ampea 40 zinapopita, kiungo kilekile hupoteza volti 2, na hapo kisanduku hulalamika.

Kwa hiyo pima mfumo ukiwa umefungwa na ukifanya kazi. Acha injini ingurume, washa taa kubwa, na mwombe mwenzako azungushe usukani gari likiwa limesimama sakafuni. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye teminali chanya ya betri yenyewe, si kwenye kibano, na ncha nyeusi nyuma ya plagi, kwenye waya mnene unaokilisha kisanduku. Mita haipaswi kuonyesha zaidi ya volti 0.5. Kisha pima upande wa athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kutoka kwenye waya wa athi wa kisanduku hadi teminali hasi ya betri. Hapo volti 0.2 ndiyo mwisho wa kuvumilia. Ikizidi, songa kiungo kwa kiungo hadi upate mahali volti zinapopotelea: kibano, fyuzi kubwa iliyo kwenye boksi la injini, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au bolti ya athi iliyofungwa juu ya rangi na kutu. Fyuzi hiyo, ambayo mara nyingi ni ya ampea 40 hadi 60, inaweza kuwa nzima lakini miguu yake imeungua, basi ichomoe uitazame.

Usijaribu kupima mkondo wa mota kwa kuupitisha ndani ya mita ya kawaida, kwani nyingi hazivumilii zaidi ya ampea 10. Tumia mita ya kubana waya inayopima umeme wa betri.

Gari lililopita katika maji ya mafuriko huko Ahero au Nyamasaria lifunuliwe zulia na kukaguliwa athi za chini ya dashibodi, hata kama mwenyewe anasema maji yalikauka zamani. Kutu ya kijani hutembea ndani ya waya, chini ya mpira usioonyesha alama yoyote.

Hatua ya 4: Soma misimbo

Vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma misimbo (namba za hitilafu) ya injini peke yake. Tafuta skana inayoingia kwenye mfumo wa usukani. Katika Toyota nyingi, C1511 hadi C1514 huhusu sensa ya nguvu (ile inayopima mpindo wa ufito), C1515 na C1516 huhusu kutowekwa sufuri kwa sensa (yaani kutofundishwa usukani ukiwa katikati), C1541 huhusu taarifa ya mwendo, C1551 na C1552 huhusu volti za kulisha kisanduku, na C1554 huhusu relei. Andika misimbo yote, ifute, endesha gari, kisha soma tena. Msimbo wa sensa uliokuja pamoja na ule wa volti usiuamini hadi umalize hatua ya 3.

Hatua ya 5: Sensa, mota na kisanduku

Umeme ukiwa safi na msimbo wa sensa umerudi, kagua kwanza plagi yake. Usukani ukiwa katikati bila kushikwa, waya za ishara katika magari mengi husoma karibu na volti 2.5, na thamani hiyo hubadilika polepole bila kuruka unapousukuma. Ikiruka, sensa imechakaa. Usiifungue kwa matumaini ya kuisafisha, kwa kuwa mkao wake hupangwa kiwandani.

Katika mota za brashi, brashi zilizoisha husababisha msaada unaokuja na kupotea. Ndani ya kisanduku, lehemu ya relei na ya miguu minene inaweza kupasuka kwa joto na mtikisiko. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu ataichomelea upya kwa gharama ndogo sana kuliko nguzo nzima.

Hatua ya 6: Ikilazimu kubadilisha nguzo

Linganisha namba za kwenye lebo, za nguzo na za kisanduku, kabla hujalipa. Chomoa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani, kwa ajili ya mfuko wa hewa. Nyoosha magurudumu, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, na uweke alama kwenye kiungo cha msalaba. Usukani ukizunguka huku kiungo kimeachiliwa, utakata utepe wa nyaya wa mfuko wa hewa. Bolti ya kiungo hicho ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa uhai wa watu umeshikwa nayo.

Hatua ya 7: Kuweka sufuri na kujaribu

Baada ya kubadilisha nguzo au kisanduku, weka sufuri ya sensa kwa skana, gari likiwa mahali tambarare, magurudumu yamenyooka na mikono iko mbali na usukani. Kisha rudia kipimo cha hatua ya 3, na uendeshe gari kwenye barabara tulivu. Usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona, na uzito uwe sawa kulia na kushoto. Ukiwa mwepesi upande mmoja, rudia kuweka sufuri. Hali ikibaki ileile, lipeleke gari likapimwe alaimenti (mpangilio wa magurudumu) kabla ya kuilaumu sensa.