Kutoka Mwaloni hadi Volendam: kutembea Uholanzi kwa siku moja moja

Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwanangu anasoma Amsterdam, na mwezi wa sita nilikwenda kukaa kwake wiki tatu. Tangu nirudi, kila mzazi mwenye kijana Ulaya ananisimamisha katikati ya magunia: "Mayu, mchana mtoto akiwa darasani wewe ulikuwa unafanya nini?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, asomaye amwambie mwenzake.

Siku ya kwanza usiende mbali. Kutoka Mwanza hakuna ndege ya moja kwa moja, umepitia Dar au Kilimanjaro, miguu imevimba. Nenda stesheni kuu, Amsterdam Centraal, pita katikati yake utokee upande wa pili. Utakuta maji mapana yanaitwa IJ, na vivuko vinakwenda na kurudi usiku na mchana. Nilizunguka nikitafuta dirisha la tiketi mpaka kijana mmoja akacheka. Ni bure! Sisi tuliokulia kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga tukiwa na sarafu mkononi, hilo ni la kushuhudia kwa macho. Panda cha kwenda NDSM, ndicho kinachokaa majini muda mrefu, karibu robo saa. Nenda, rudi, kalale.

Sasa nauli. Basi na treni hulipiwa kwa kadi ya benki ya kugusa. Unagusa kwenye mashine ukipanda, unagusa tena ukishuka, na ni kadi ileile: ukianza na kadi usimalizie na simu. Kila mtu awe na yake. Baba na mama hawawezi kugongea moja. Mimi siku ya pili nilishuka nikiwa nimeshika mifuko mikono yote, sikugusa. Nikakatwa zaidi ya nauli ya njia niliyokwenda. Baada ya hapo nikawa nashuka kadi nimeibana kwa meno.

Jambo jingine ni baiskeli. Ukiona njia ya rangi nyekundu pembeni ya barabara, hiyo si ya miguu. Bodaboda wa Mwanza atakupigia honi na kukutukana, angalau unajua yupo. Baiskeli za kule zinakuja kimya.

Vinu vya upepo ndivyo kila mtu anavyotaka kupigia picha. Kutoka Amsterdam vya karibu viko Zaanse Schans. Panda treni mpaka stesheni ya Zaandijk Zaanse Schans, haifiki dakika 20, kisha unatembea kama robo saa na kuvuka daraja. Ukishuka utasikia harufu: eneo lile linanukia kakao. Kila kinu unalipia kuingia ndani, kwa hiyo usiingie vyote. Ingia De Kat, kinachosaga rangi. Mawe mawili makubwa yamesimama wima yanazunguka juu ya jiwe lililolala, yanaponda, na mbao unazozikanyaga zinatetemeka kama sakafu ya meli inapowasha injini. Chagua siku ya upepo, maana usipovuma mabawa yanasimama na utakuwa umelipia kutazama mbao. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima. Nilivaa kitenge. Wewe vaa suruali.

Maua ya Keukenhof sikuyaona. Bustani inafunguliwa kuanzia katikati ya mwezi wa tatu hadi katikati ya wa tano hivi, basi. Kama unakwenda kwa ajili ya maua, panga safari yako humo, la sivyo usimsumbue mtoto.

Kuna sehemu moja wageni wengi hawaijui, mwanangu alinipeleka kwa sababu anasomea mambo ya maji. Unafika Haarlem kwa treni, dakika kama 15 hivi, kisha unapanda basi mpaka Cruquius. Ni mtambo wa mvuke, sasa ni makumbusho. Hapo zamani palikuwa na ziwa, Haarlemmermeer, na likipata upepo lilikuwa linakula ardhi ya watu. Wakaweka mitambo mitatu kama huo, wakaanza kuvuta maji mwishoni mwa miaka ya 1840, na 1852 ziwa likawa limekauka. Uwanja wa ndege wa Schiphol, pale ulipotua, ndipo palipokuwa ndani ya ziwa hilo. Uko chini ya usawa wa bahari. Sisi Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu yake, na bado mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda tulihamisha vitu huku tunakimbia. Nilikaa pale kwenye benchi nikitazama lile silinda kubwa, sikuwa na la kusema.

Volendam na Marken nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo nilizozirudia mara mbili. Kituo cha mabasi kiko juu, ndani ya Amsterdam Centraal, upande uleule wa vivuko. Panda namba 316, kama nusu saa umefika Volendam. Toka asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Usinunue safari ya kikundi: watakupa dakika 40, na nusu yake utakuwa dukani kwa jibini.

Bandarini tafuta banda la samaki. Haring huliwa bila kupikwa, amepita kwenye chumvi kidogo tu. Muuzaji akapitisha kisu kifupi tumboni, akavuta mara moja, uti wote ukatoka na miiba yake, pande mbili zikabaki zimeshikiliwa na mkia. Nimepasua sangara miaka zaidi ya ishirini, ule mkono niliuheshimu. Akamwagia vitunguu. Nilimla, macho nimefumba. Asiyeweza aombe kibbeling, vipande vya samaki vilivyokaangwa ndani ya unga. Hiyo hata bibi atakula. Halafu kuna paling wa moshi, samaki mrefu kama kamongo aliyekonda, mafuta tele. Ni ghali, nunua kipande kidogo.

Kutoka bandarini hapo kuna boti ya kwenda Marken, kama nusu saa. Kaa nje, na uyaangalie maji. Yalikuwa ya chumvi, mkono wa bahari ulioitwa Zuiderzee. Mwaka 1916 gharika ilipiga pwani yote na Marken ikaumia vibaya. Baadaye wakaamua kuifungia bahari nje: tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, likakamilika 1932. Daraja letu la Kigongo–Busisi ni kilomita 3, na tulilisubiri kama mvua. Ndani ya tuta maji yakaacha kuwa ya chumvi, haring wa pale wakatoweka, paling wakabaki, na wavuvi wengi wakatafuta kazi nyingine. Wa umri wangu anayekumbuka furu walivyokuwa wengi kabla sangara hajatawala ataelewa kwa nini nilinyamaza kwenye boti.

Marken yenyewe ilikuwa kisiwa hadi 1957 ilipounganishwa na bara. Nyumba ni za mbao, nyingine zilijengwa juu ya nguzo ili mafuriko yapite chini. Tembea taratibu, watu wanaishi humo, usichungulie madirishani. Ukiwa na nguvu, fuata tuta mpaka kwenye mnara wa taa wa 1839. Beba koti hata kama ni mwezi wa sita, na beba chakula; mimi nilikuwa na maandazi.

Kurudi Amsterdam panda basi palepale Marken na uwahi kiti cha dirishani, kwa sababu barabara inapita juu ya tuta na maji yako pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimeweka kipande cha paling kwenye karatasi, nikataka kukifungua. Mwanangu akanishika mkono: "Mama, harufu." Mtoto niliyemsomesha kwa dagaa. Nikakirudisha mfukoni, nikakila kituoni tuliposhuka.