Kabla Hujachora Alkeni

Alkeni ni molekuli ya kaboni na haidrojeni yenye bondi maradufu, yaani mistari miwili kati ya kaboni mbili. Hesabu mikono kwanza, yaani bondi ambazo kila atomu hushika. Kaboni ina mikono minne, haidrojeni mmoja tu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu kuongeza mstari wa pili kati ya kaboni mbili akasahau kufuta haidrojeni, kaboni ikabaki na mikono mitano. Ethani ni C₂H₆. Ukiweka bondi maradufu, kila kaboni inapoteza haidrojeni moja, unapata etheni, C₂H₄. Hiyo ndiyo alkeni ndogo kuliko zote, kwa hiyo usihangaike kutafuta ya kaboni moja.

Fomula ya alkeni, CₙH₂ₙ (haidrojeni mara mbili ya kaboni), ikariri, ila usiitegemee peke yake. Saikloheksani ni C₆H₁₂ sawa na hekseni, alkeni ya kaboni sita, lakini haina bondi maradufu hata moja. Imejifunga duara tu.

Sasa ile mistari miwili. Huchorwa sawa, lakini si sawa. Mmoja ni bondi ya sigma, ambayo elektroni zake zimekaa katikati ya viini viwili. Mwingine ni bondi ya pai, na elektroni zake zimetanda juu na chini ya molekuli, mahali pa wazi. Bondi moja ya kaboni kwa kaboni ina urefu wa pikomita 154 hivi, na maradufu 134. Imekuwa fupi na imara zaidi, lakini uimara wake haufiki mara mbili, kwa sababu pai ni dhaifu kuliko sigma. Ndiyo maana bromini huanzia hapo kwenye pai, na maji yake ya rangi ya chungwa yakapauka.

Pai hiyohiyo huzuia kaboni hizo mbili kuzunguka. Kila moja imelala bapa pamoja na jirani zake, kwa pembe za karibu nyuzi 120. (Vitabu vinavyochora pembe za nyuzi 90 vinaokoa nafasi, lakini vinaficha jambo lenyewe.) Kwa kuwa hakuna kuzunguka, but-2-eni (alkeni ya kaboni nne, bondi maradufu ikiwa katikati) iko ya aina mbili: “sisi” (cis, kaboni za pembeni zikiwa upande mmoja), inayochemka kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na “transi” (trans, zikiwa pande tofauti), kwenye nyuzi 1 hivi.

Kabla hujaandika sisi au transi, tazama kila kaboni ya bondi maradufu: je, imeshika vitu viwili tofauti? But-1-eni, ambayo bondi maradufu yake iko mwishoni, ina haidrojeni mbili kwenye kaboni ya mwisho. Zibadilishane nafasi, molekuli ni ileile, kwa hiyo haina sisi wala transi.