Kesi ya trafiki Kenya: kabla useme "ni kweli", unahitaji wakili ama la?

Wengi huuliza kwanza faini ni ngapi ndio waamue kama watatafuta wakili. Mi naona hiyo ingekuwa ya mwisho. Ya kwanza ni hii: ukishasema "ni kweli" mbele ya hakimu, yaani umekubali kosa, hayo maneno yatakufuata mpaka wapi?

Kuna zile ndogo ndogo. Umepita spidi kwa kilomita 11 hadi 15, orodha ya makosa madogo ya 2016 inasema 3,000, ukifika 16 hadi 20 ni 10,000. Hapo wakili wa nini sasa, ada yake inaweza kumeza hiyo faini na ibaki na njaa. Kama ulikosa kweli, fika asubuhi mapema na risiti ya dhamana uliyolipa polisi, kubali, na hakimu akikuuliza kama una la kusema usimletee hadithi ndefu, mwambie ni mara ya kwanza (kama ni kweli lakini), omba msamaha, nyamaza.

Ikiwa mtu ameumia, hiyo ni kesi ingine kabisa, na hapa ndio watu huchomeka. Umegongana na bodaboda, jamaa amevunjika mguu, umeandikiwa kuendesha bila uangalifu, na kuna mtu hapo kando anakwambia kubali tu ulipe uende zako kazini. Pole pole. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema ukishapatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, hiyo hukumu ni ushahidi wa mwisho kwamba ulitenda hilo kosa. Maanake yule wa bodaboda akikushtaki akitaka fidia, wakili wake anabeba hukumu yako ndio hiyo, wewe unabaki kubishana juu ya pesa na kama naye alichangia ajali. Na ukiwa ulikubali mwenyewe, rufaa (una siku 14) itakuwa juu ya adhabu peke yake, si hatia. Hapa lipa wakili hata kama ni kukopa kwa chama.

Ya ulevi pia usiende peke yako, ni hadi 100,000 ama miaka 2 ndani ama vyote viwili. Mtu akifa na ushtakiwe kwa kuendesha kwa hatari, ni hadi miaka 10, na huyo wakili mtafute kabla hata hujaandikisha taarifa polisi. Wewe dereva wa matatu ama lori, kumbuka koti inaweza kukunyima leseni, na leseni ndio unga wa nyumbani, kwa hivyo hesabu yako si ya mtu wa gari ya kwenda kanisani.

Umefika kizimbani na hujajipanga? Sema "si kweli", alafu omba muda utafute wakili, Katiba ibara ya 50 inakupa hiyo haki na hakuna mtu utakuwa umemkosea. Omba pia taarifa za mashahidi, mchoro wa mahali ajali ilifanyika na ripoti ya ukaguzi wa gari. Na hata kama umeshakubali, prosekyuta atasoma vile mambo yalienda, akisema ulikuwa unaovateki na hukuwa, sema hapo hapo, hakimu anafaa kuandika umekataa.

Wakili usimtoe koridoni. Kuna watu wa suti pale nje ambao sio mawakili hata kidogo, weka jina la wakili wako kwa tovuti ya LSK (chama cha mawakili Kenya) uone kama ana leseni ya mwaka huu. Muulize bei ni ya siku moja ama mpaka hukumu, maana kesi inaweza kutajwa mara tano na kila mara anataka kitu, na akuandikie.

Ile risiti ya dhamana chunga kama kitambulisho, kesi ikiisha na ulikuwa unafika koti, hiyo pesa unarudishiwa ama inakatwa kwa faini.