Jinsi ya Kusoma Vifungu vya Uwiano wa Kumudu Deni na Kufagiwa kwa Fedha Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Mkopo

Mtu anayekopa fedha nyingi kwa ajili ya jengo la kupangisha, hoteli, kiwanda au mradi wa umeme huangalia kwanza riba, kisha muda wa kulipa, kisha dhamana anayotakiwa kuweka. Kifungu kinachoweza kumnyima fedha za biashara yake mwenyewe, bila yeye kukosa kulipa hata rejesho moja, kwa kawaida kimejificha ndani zaidi, na sehemu yake kubwa imo katika ukurasa wa tafsiri za maneno ambao wengi huuruka. Kifungu hicho husema kwamba uwiano wa kumudu deni ukishuka chini ya kiwango fulani, mapato yote yataingia katika akaunti inayosimamiwa na mkopeshaji, na kinachobaki baada ya malipo ya lazima hakitarudi kwa mwenye mali mpaka uwiano upande tena. Kwa kawaida kushuka huko hakuhesabiwi kuwa ni kuvunja mkataba, na mkopaji anaendelea kulipa kama ilivyopangwa, lakini hana tena mamlaka juu ya faida yake.

Uwiano wenyewe ni hesabu fupi: mapato halisi ya uendeshaji ya mwaka, yaani mapato yote yakitolewa gharama za kuendesha mali, yanagawanywa kwa malipo ya deni ya mwaka, yaani riba pamoja na sehemu ya deni la msingi inayotakiwa kulipwa. Jibu likiwa 1.00, kila senti inayobaki baada ya gharama inakwenda kwa mkopeshaji. Katika mikopo ya majengo ya biashara ni jambo la kawaida mkopeshaji kudai 1.25 au zaidi siku ya kutoa mkopo, kisha kuweka kizingiti cha kuzuia fedha mahali fulani kati ya 1.10 na 1.20. Wakopaji wengi hutumia nguvu zao zote za majadiliano kushusha kizingiti hicho kwa nukta chache, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu maneno yanayoeleza namna ya kupata uwiano yana uzito kuliko namba ambayo uwiano huo unalinganishwa nayo.

Fanya hesabu kwa maneno ya mkataba

Chukua jengo ambalo kwa mwaka linaingiza 200 kwa kodi ya pango na mapato mengine, katika sarafu yoyote na kwa mamilioni. Gharama za uendeshaji ni 80, kwa hiyo mapato halisi ni 120. Mkopo ni 1,200 kwa riba ya asilimia 8, na kwa miaka ya mwanzo mkopaji analipa riba tupu, yaani 96 kwa mwaka. Mwenye jengo anagawanya 120 kwa 96, anapata 1.25, na anaona kizingiti cha 1.15 kiko mbali.

Sasa soma tafsiri ya mapato halisi kama ilivyoandikwa. Mara nyingi utakuta kwamba mkopeshaji ana haki ya kukata angalau asilimia 5 ya mapato kwa ajili ya nafasi tupu hata kama jengo limejaa wapangaji, na hapo 10 zinaondoka. Utakuta pia kwamba ada ya usimamizi itahesabiwa kwa kiasi kinacholipwa kweli au asilimia 3 ya mapato, kipi kikubwa, na kwa kuwa mwenye jengo hulisimamia mwenyewe bila kujilipa, 6 nyingine zinakatwa kwenye hesabu ingawa hazikutoka mfukoni. Akiba ya ukarabati mkubwa inachukua 4. Mapato halisi kwa macho ya mkopeshaji ni 100, na 100 kwa 96 ni 1.04. Jengo ni lilelile, wapangaji ni walewale, rejesho limelipwa kwa wakati, na kizingiti kimekwisha kuvukwa.

Upande wa chini wa hesabu nao una mitego yake. Mikataba kadhaa husema kwamba malipo ya deni yatahesabiwa kana kwamba mkopo unarejeshwa kidogo kidogo kwa miaka 30, hata katika kipindi ambacho mkopaji analipa riba tupu. Kwa mkopo wetu wa 1,200 kwa asilimia 8, malipo hayo ya kudhaniwa ni takribani 105.7 kwa mwaka badala ya 96. Hata ukibaki na mapato halisi ya 120 bila makato yoyote, uwiano unakuwa takribani 1.14, chini ya kizingiti. Kwa mkopo wenye riba inayobadilika, uliza ni riba ipi itakayotumika katika kipimo: ile unayolipa sasa, ile ya juu iliyowekewa kikomo kwa mkataba wa kinga ya riba, au ile ambayo mkopeshaji ataona inafaa siku ya kupima. Riba yetu ikipanda kutoka asilimia 8 hadi 9, malipo yanakuwa 108 na uwiano unashuka kutoka 1.25 hadi 1.11 bila mpangaji hata mmoja kuhama. Jambo hili limekwisha kutokea kwa upana: kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake ya msingi kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na majengo yaliyojaa wapangaji yakajikuta hayafikii vipimo vilivyoandikwa wakati riba ikiwa chini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kubishana kuhusu chochote, ni kutengeneza jedwali lenye kila neno la tafsiri kama mstari wake, na kuweka humo takwimu zako za miezi 12 iliyopita. Mwombe mkopeshaji naye akupe hesabu yake ya siku ya kutoa mkopo, uilinganishe na yako mstari kwa mstari, kisha hesabu hiyo iambatanishwe na mkataba kama mfano wa namna kipimo kitakavyofanyika. Kiambatisho hicho cha ukurasa mmoja nakithamini kuliko kushusha kizingiti kutoka 1.15 hadi 1.10, kwa sababu kinafunga mlango wa tafsiri mpya miaka mitatu baadaye, wakati ofisa mliyeelewana naye amekwisha kuhama.

Kipindi cha kupimia nacho kichague kwa kufuata tabia ya biashara yako. Kipimo cha miezi 12 iliyopita kinamfaa mwenye hoteli au biashara yoyote yenye misimu, kwa kuwa miezi mitatu mibaya ikizidishwa kwa nne inatoa picha ya mwaka ambao haukuwahi kuwapo. Mwenye jengo jipya linaloendelea kupata wapangaji anahitaji kinyume chake, maana miezi 12 inambebesha miezi ambayo vyumba vilikuwa vitupu, ilhali miezi mitatu ya karibuni inaonyesha kodi zinazolipwa sasa. Kuna mikataba inayopima kwa kipindi kirefu wakati wa kuangalia kama kizingiti kimevukwa na kwa kipindi kifupi wakati wa kuangalia kama uwiano umerudi, na kwa mkopaji mwenye mali inayokua hilo ni jambo la kuomba waziwazi.

Kuzuia fedha na kufagia fedha ni mambo mawili

Watu huyataja kwa jina moja, na hata mikataba huyachanganya. Fedha zikizuiwa, ziada inakaa katika akaunti iliyo chini ya mkopeshaji kama dhamana ya nyongeza, na uwiano ukirudi inaachiliwa kwa mkopaji. Fedha zikifagiwa, ziada inapelekwa moja kwa moja kupunguza deni la msingi na hairudi. Kuzuiwa kunamwachia mkopaji tumaini la kupata fedha zake, lakini wakati zinasubiri anaendelea kulipa riba kamili ya mkopo ilhali akiba hiyo inazaa kidogo au haizai kabisa. Kufagiwa kunaondoa fedha daima, lakini deni linapungua, riba inapungua, na uwiano unapanda wenyewe taratibu. Ukifagiwa, hakikisha imeandikwa kwamba malipo hayo hayatozwi faini ya kulipa mapema. Nimeona rasimu ambamo mkopeshaji alichukua ziada kwa nguvu ya mkataba na papo hapo akadai faini kwa sababu deni lilipunguzwa kabla ya wakati.

Katika mikopo ya makampuni kufagia huwa ni jambo la kila mwaka lisilosubiri kizingiti kivukwe: sehemu ya ziada ya mwaka, mara nyingi asilimia 50, inakwenda kulipa deni, na sehemu hiyo inashuka hadi asilimia 25 na hatimaye sifuri kadiri deni linavyopungua likilinganishwa na faida. Katika mikopo ya miradi mikubwa, kizingiti hufunga kwanza mgao wa faida kwa wanahisa, na kizingiti cha pili kilicho chini zaidi ndicho kinachohesabiwa kuwa kuvunja mkataba. Angalia kama mkataba wako una ngazi hizo mbili au umeziunganisha kuwa moja, kwa sababu kuvuka ya pili kunampa mkopeshaji haki ya kudai mkopo wote.

Fuata senti moja tangu inapoingia

Siku kizingiti kinapovukwa, wapangaji hupokea barua za kuwaelekeza walipe katika akaunti mpya. Barua hizo mara nyingi mkopaji mwenyewe alizitia saini siku ya kuchukua mkopo, zikakaa kwenye jalada la mkopeshaji zikisubiri tarehe tu. Kuanzia hapo kodi inaingia asubuhi na jioni akaunti inasoma sifuri, kwa kuwa kila kilichoingia kimehamishwa kwenda kwenye akaunti ya mkopeshaji na kugawanywa kwa mfuatano wa malipo uliomo katika mkataba.

Soma mfuatano huo kwa jicho la mtu anayelipa mishahara. Kwa kawaida kodi za serikali na bima hutangulia, kisha malipo ya deni, kisha akiba za ukarabati, na gharama za uendeshaji huja baada ya hayo yote. Mwezi ambao mapato ni haba, umeme, maji, walinzi na mafundi wa lifti ndio watakaokosa, na jengo lisilo na umeme wala lifti halikai na wapangaji. Omba gharama za uendeshaji zipande juu ya akiba, na ikiwezekana juu ya malipo ya deni. Ikishindikana, omba zilipwe kwa bajeti iliyoidhinishwa yenye uhuru wa kuzidi kwa asilimia 5 au 10, na ieleweke kwamba bajeti isiyojibiwa na mkopeshaji ndani ya siku kadhaa imeidhinishwa, na kwamba bajeti ya mwaka uliopita itaendelea kutumika mpaka mpya ipite.

Fedha zilizozuiwa nazo zipewe kazi. Mara nyingi uwiano umeshuka kwa sababu mpangaji mkubwa ameondoka, na njia ya kuurudisha ni kukarabati nafasi yake na kumlipa dalali atakayeleta mwingine. Mkataba usioruhusu akiba hiyo kutumika kwa shughuli hizo unafungia dawa ndani ya kabati huku mgonjwa akisubiri. Iandikwe pia kwamba akiba itaziba upungufu wa malipo ya deni na wa gharama za uendeshaji, kwamba riba yake ni ya mkopaji, na kwamba kuna kiwango cha juu ambacho kikifikiwa ziada itaanza kurudi. Mahali ambapo wenye kampuni hutozwa kodi ya mapato kwa faida hata kama haijawafikia mkononi, ombeni kiasi cha kulipia kodi hiyo kiachiliwe kabla ya kuzuia.

Njia ya kutoka

Mikataba mingi hutaka uwiano uwe juu ya kizingiti kwa robo mwaka mbili mfululizo kabla ya fedha kuachiliwa. Hakikisha kwamba kuachiliwa huko kunatokea kwenyewe vipimo vikitimia, bila kusubiri ridhaa ya mtu, na kwamba hakuna kikomo cha mara ngapi unaweza kuurudisha uwiano juu ya kizingiti na kuachiliwa fedha zako. Kisha dai haki ya kutoka kwa fedha: kulipa sehemu ya deni, au kuweka amana au hati ya dhamana ya benki ambayo katika hesabu itahesabiwa kana kwamba deni limepungua kwa kiasi hicho. Katika mfano wetu, mapato halisi ya 100 yanaweza kubeba malipo ya deni ya takribani 87 kwa kizingiti cha 1.15, na kwa riba ya asilimia 8 hiyo ni mkopo wa takribani 1,087, kwa hiyo inahitajika kiasi cha 113 kulipwa au kuwekwa amana. Afadhali amana kuliko malipo, ikiwa unaamini kwamba mapato yatarudi, kwa kuwa amana hurudi.

Zipo pia ajali za makaratasi. Baadhi ya mikataba huhesabu kuchelewa kwa taarifa za robo mwaka kuwa ni kuvuka kizingiti, hata kama uwiano wenyewe ni 1.40. Omba taarifa ya maandishi na siku kadhaa za kurekebisha kabla ya adhabu hiyo kuanza, kisha weka tarehe za taarifa katika kalenda ya mhasibu wako wiki mbili kabla ya mwisho wake.

Baada ya kutia saini, rudia jedwali lako kila mwezi, hata kama mkopeshaji hupima kila robo mwaka, na usilijaze kwa yaliyopita pekee: weka ndani yake mikataba ya wapangaji inayomalizika katika miezi 12 ijayo na tarehe ambayo kinga yako ya riba inakwisha. Uwiano ukiwa umebakiza 0.05 au 0.10 kufika kizingiti, mwandikie mkopeshaji wakati bado akaunti ni yako, ukimwonyesha sababu ya kushuka, mpangaji unayezungumza naye, na kiasi ulicho tayari kuweka amana, kwa sababu mabadiliko ya mkataba yanayoombwa kabla ya kipimo huzungumzwa na ofisa wa mikopo anayeijua mali yako, na yale yanayoombwa baada yake hupelekwa kwa idara inayoshughulikia mikopo yenye matatizo.